Kituo cha watoto sokoni: ni nani hasa hushika kalamu kwenye kaunti?

Fungu_la_Nyanya anauliza:

Wakuu, hamjambo. Wauzaji wa mboga na mitumba katika soko moja hapa Kisumu wanataka kaunti iwe na sera ya vituo vya kulelea watoto sokoni: chumba, maji, choo cha watoto, na walezi wanaolipwa. Sahihi 300 na ushei ziko tayari. Kuna wanaosema tungoje kikao cha maoni ya umma, wengine tumwone MCA (mjumbe wetu wa bunge la kaunti), wengine tutafute mtu anayemjua gavana. Njia ipi inafika?

Kalenda_ya_Bajeti:

Dada, kikao cha maoni ya umma ni mlango wa mwisho. Siku hiyo rasimu imeshachapishwa, na kinachobaki ni kusogeza koma.

Shika tarehe, ziko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Kufikia 30 Agosti waraka wa kufungua bajeti umetoka. 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe kwenye bunge la kaunti. 28 Februari inafika karatasi ya mkakati wa fedha, CFSP, na hiyo ndiyo inayokata kila idara kiwango chake. 30 Aprili yanafuata makadirio. Watu wengi huamka Mei, matangazo yakishabandikwa, na Mei umechelewa: kwa kifungu cha 131, bunge la kaunti likiongeza shilingi hapa lazima lipunguze pale, na lisitoke nje ya maazimio ya ile karatasi ya Februari. MCA akikuahidi Mei, anakuahidi pesa za mwenzake, na mwenzake huyo naye anapiga kura.

Kuhusu kalamu: waziri wa kaunti hutia sahihi tu. Wanaoandika ni ofisa mkuu na mchumi wa idara, kwenye kikundi cha sekta, kabla ya karatasi ya Februari kufungwa. Mchumi anajaza jedwali: mradi, wodi, gharama, kiashiria. Barua ya kurasa sita haina pa kuingia kwenye jedwali. Mpelekee mstari uliokwisha kuiva: chumba kimoja, watoto 30, walezi watatu, gharama ya ujenzi peke yake, mishahara na uji wa mwaka peke yake. Msipoitenga hivyo, jengo litapita kwenye fungu la maendeleo, mishahara itaachwa, na mtabaki na chumba kizuri chenye kufuli.

Halafu fungueni CIDP, mpango wa kaunti wa miaka mitano, ya 2023–2027 mtafute mstari wa kujishikiza, hata kama ni "uboreshaji wa masoko". Mpango wa mwaka hutolewa humo.

Manila_na_Vizibo (Nakuru):

Kalenda ni sawa, ila haisemi nani anamsikiliza nani. Hilo mlichore. Kuna mbinu inaitwa Net-Map, iliyobuniwa na Eva Schiffer akifanya kazi ya usimamizi wa maji Ghana. Haihitaji kompyuta.

Vifaa: karatasi moja ya manila, karatasi za kubandika, kalamu za rangi tatu, na vizibo vya soda kama hamna kete za drafti. Kaeni watu watano au sita. Kila mhusika aandikwe kwenye karatasi yake: MCA, msimamizi wa wodi, karani wa kamati, mchumi, mwenyekiti wa soko, kanisa. Chora mishale: nyekundu ya pesa, buluu ya habari, nyeusi ya amri. Halafu mpandishieni kila mmoja mnara wa vizibo kulingana na uwezo wake wa kusogeza jambo HILI.

Kosa la kila mara: watu hupima cheo. Gavana anapewa vizibo vinane na hakuna mshale hata mmoja unaotoka kwenu kumfikia. Karani wa kamati anapewa kimoja, naye ndiye anayeandaa rasimu ya ripoti ambayo wajumbe wataijadili. Mtu akipandisha mnara, muulize: ni mshale gani unaoubeba? Akikosa jibu, punguza.

Kosa la pili ni kuchora marafiki tu. Chumba kitakaa juu ya nafasi ya nani? Wenye vibanda watakaohamishwa wawekeni kwenye manila kabla hawajajiweka wenyewe.

Kwenu naona shimo moja wazi. Katika Jedwali la Nne la Katiba, masoko na malezi ya watoto yote ni kazi ya kaunti, lakini yako vipengele tofauti. Idara ya biashara watasema watoto ni wa elimu. Idara ya elimu watasema jengo ni la biashara. Mnahitaji mtu mmoja anayekaa meza zote mbili. Mtafuteni kwenye jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti: kifungu cha 137 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinataka wasio maofisa wa kaunti wawe sawa kwa idadi na mawaziri, na wanawake na wafanyabiashara wametajwa.

Fungu_la_Nyanya:

Asanteni sana. Na huyo anayemjua gavana, tumwache?

Mhuri_wa_Kupokelewa:

Mtumieni kupata miadi, asiwe mwenye jambo. Mradi ukiitwa wake, ataondoka nao, na uchaguzi wa Agosti 2027 si mbali. Tazameni kaunti ya Kakamega: mpango wa mama na mtoto, ambao watu waliuita Oparanya Care, ulianza 2013, ukiwalipa akina mama shilingi 12,000 kwa awamu sita za 2,000, na kufikia 2017 kaunti ikautungia sheria. Sheria haijazi mfuko, lakini atakayetaka kuufuta mpango atalazimika kusimama bungeni aseme hivyo.

Zile sahihi zipelekeni kama ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Ombi liseme bunge lifanye nini, maana "tunaomba msaada" halipelekwi kamati yoyote. Nakala mbili, moja igongwe mhuri mrudi nayo. Siku hiyohiyo ombeni kwa maandishi mpango wa mwaka chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21, kwa hiyo hesabuni kurudi nyuma kutoka 28 Februari: mkiomba Februari yenyewe, jibu litawakuta karatasi imeshafungwa.