Kisu cha tabaka tatu: kiini kipi kwa samaki?

Mpishi_Tanga: Wakuu, nataka fundi anitengenezee kisu cha tabaka tatu. Kiini, yaani chuma cha katikati, kiwe Aogami Super au VG-10, zile chuma za Kijapani? Kwangu ni chumvi na ndimu kutwa.

Fundi_Visu: Chukua VG-10, ndugu. Ina kromiamu kama asilimia 15, haishiki kutu kirahisi. Aogami Super inakaa na makali kuliko hiyo, ila kata ndimu uache bila kufuta, uone ukingo unavyogeuka rangi.

Mpishi_Tanga: Si tabaka mbili za ubavuni ni stenlesi, chuma kisichoshika kutu?

Fundi_Visu: Ubavuni, ndiyo. Kwenye makali kiini lazima kiwe wazi, ndicho kinachokata. Na mifupa usiguse nacho! Chuma kigumu hivyo kinamegeka.

Bi_Nyavu: Mimi Aogami siiachi. Nafuta kila samaki, usiku napaka mafuta.