Mchango wa mfongo wetu Kibosho umekwama, kila mtu ananiuliza "wengine wametoa?" Naombeni ushauri

Mama_Kihamba:
Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mhazina wa kikundi cha watu wa kitongoji chetu huko Kibosho. Masika imevunja banio la mfongo, yaani pale maji ya mto yanapoingilia mfereji wetu wa kumwagilia, na maji hayafiki vihamba (mashamba ya nyumbani) vya chini, mama zetu wanamwagilia mboga kwa ndoo. Fundi kapiga hesabu ya simenti, nondo, mawe na ufundi: 3,600,000. Tuko 60 kwenye grupu la WhatsApp, kwa hiyo 60,000 kila mmoja.

Wiki ya tano sasa, wametoa 9 tu. Kinachoniumiza ni kwamba watu 22 wamenifuata inbox, mmoja mmoja: "Dada, wengine wametoa? Wakitoa nami natuma." Kwenye grupu kimya kabisa. Shangazi yangu alinipigia juzi saa nne usiku, akasema hela anayo kwenye simu, ila anaogopa yasije kuwa kama ya kalvati. Miaka ya nyuma tulichangia kalvati, hatukuona kalvati wala mahesabu.

Niendelee kuwabembeleza, au nianike majina? Naogopa kuwaaibisha wasio nacho.

Fundi_Bomba:
Pole dada. Pesa zimekaa wapi?

Mama_Kihamba:
Kwenye laini yangu mwenyewe.

Fundi_Bomba:
Anzia hapo. M-Koba, huduma ya Vodacom ya kutunza pesa za kikundi kwenye simu, ipo tangu 2019 kwa ajili ya vikundi kama chenu. Watu walioumwa na nyoka hawatakuamini kwa maneno, hata kama wewe ni mwaminifu.

Mzee_wa_Uru:
Binti yangu, umeandika jibu lako mwenyewe hujaliona. Wale 22 wote wako tayari, na anayejua hivyo ni wewe peke yako. Kila mmoja kwake anadhani wenzake wamekataa.

Sisi tukiwa wadogo, msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, uliitwa kwa mbiu. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba akinong'ona. Baragumu likilia unasikia, na unajua jirani yako naye kasikia, na yeye anajua wewe umesikia. Hapo ndipo mtu anachukua jembe, kwa sababu ana uhakika hatakuwa peke yake kwenye matope. Wewe unanong'ona inbox. Piga mbiu.

Binti_Njiro:
Mzee amesema kweli tupu. Mwaka 1885 Marekani walikosa pesa za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru. Joseph Pulitzer akaahidi kuchapa kwenye gazeti lake jina la kila atakayetoa, hata senti. Wakachanga zaidi ya watu 120,000, wengi wao chini ya dola moja, na zikavuka dola 100,000. Msomaji alikuwa anaona majina ya watu wa hali yake, na anajua mji mzima unayaona.

Kamati_Mzoefu:
Naunga mkono, ila chonde chonde na orodha. Nimekaa kamati nyingi za harusi hapa Arusha. Nilishaona mtu anaacha kabisa kuja kwenye mambo ya ukoo kwa sababu jina lake liliwekwa na sifuri mbele yake. Andika waliotoa tu, bila kiasi. Asiye na hela akija siku mbili kubeba mawe, jina lake liingie humo humo.

Halafu weka kiwango na tarehe. Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa, wanafanya hivyo tangu 2009: lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Sema wazi kwamba isipofika 3,000,000 mwisho wa mwezi, kila mtu anarudishiwa yake. Hiyo ndiyo itakayomtoa shangazi yako.

Mama_Kihamba:
Nimewasikia, asanteni sana. Jana niliwaomba ruhusa wale 22, wakakubali 19. Leo saa mbili usiku nimeweka kwenye grupu picha ya banio lilivyobomoka, majina ya waliotoa, majina ya hao 19 walio tayari, kiwango na tarehe ya kurudisha. Mweka saini wa pili kwenye pesa za kikundi ni mwalimu mstaafu wa pale kijijini.

Saa tatu kasoro shangazi ametuma yake, kaandika kwenye grupu: "Nimetuma, nani anafuata?" Hadi naandika hapa wamefuata sita.

Mzee_wa_Uru:
Siku ya kujenga niite, mawe nitabeba madogo madogo.