Mkojo unachoma na nina figo la kupandikizwa, nimeze nini?

Mti Mkavu: Wakuu habari za jioni. Nina miezi minne tangu nipandikizwe figo, mdogo wangu ndiye aliyenipa. Siku ya tatu leo mkojo unachoma, usiku naamka mara tano, nasikia baridi wakati wenzangu wanajipepea. Dawa za figo nameza kwa saa, barakoa navaa, maji nachemsha. Kliniki ni Alhamisi ijayo. Nivumilie hadi siku hiyo au kuna dawa ya dukani naweza kuanza nayo? Matusi hapana.

Binti Korosho: Pole mkuu. Kunywa madafu.

Fundi Geji: Baba yangu alipandikizwa India, Muhimbili walikuwa hawajaanza, wao wameanza Novemba 2017. Aliporudi mama alifukuza hadi njiwa wa jirani. Maziwa yalichemshwa mpaka yanafurika. Mgeni mwenye kikohozi alisalimia kupitia dirishani. Shangazi kanuna mpaka leo.

Sista Zamu: Umesema "dawa za figo". Septrin je, ile antibayotiki ya kuzuia maambukizi?

Mti Mkavu: Tacrolimus, mycophenolate na prednisolone, sikosi hata moja.

Sista Zamu: Sijauliza hizo.

Mti Mkavu: Ile niliacha, kama wiki sita hivi. Mama mkwe alifungua kabati akitafuta chumvi, akaona kopo. Septrin wanapewa pia wenye VVU, basi Jumapili kanisani naulizwa CD4 zangu, zile seli za kinga wanazopimwa wao. Halafu ile haishikilii figo, ni kinga tu. Na kuna mzee kaniletea mizizi kutoka Handeni, nimeanza jana, naona afadhali kidogo.

Sista Zamu: "Kinga tu"! Hizo tatu zinashusha kinga ya mwili makusudi ili usilikatae figo, ndiyo maana ukaongezewa Septrin, mapafu na njia ya mkojo visivamiwe. Mizizi inaweza kuvuruga kiwango cha tacrolimus kwenye damu. Prednisolone nayo inaficha homa, hiyo baridi usiichukulie poa. Usinunue antibayotiki dukani, mkojo na damu vipimwe kwanza. Nenda leo.

Mlevi Mstaarabu: Wanaume tunaogopa mama mkwe kuliko kaburi.

Mpelelezi: Chai hii. Mwaka jana huyu alikuwa anauza bajaji hapa hapa, hakusema anaumwa. Subirini namba ya michango.

Fundi Geji: Duh. Mkuu hebu jibu.

Mti Mkavu: Bajaji unadhani niliuza kwa raha? Mshono uko kulia, chini ya kitovu, ukikandamiza unaligusa kabisa. Yale mawili ya zamani hayakutolewa.

Mlevi Mstaarabu: Kumbe unayo matatu na bado unalia.

Mpelelezi: Weka picha ya kopo tuione.

Mti Mkavu: Sina muda huo. Nimepima joto, 38.4. Nesi wa kliniki kasema nisingoje Alhamisi. Bodaboda iko nje.

Binti Korosho: Mizizi iliyobaki unaiuza?