Kushusha gia boksi ya Corolla DX nyumbani bila shimo, Tanga

Mkaa_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla DX (KE70) ya mwaka 1982, injini 4K, gia tano. Klachi inateleza mlimani na namba tatu inakwaruza ikiingia. Nataka kuishusha gia boksi uani. Chini ni mchanga, sina shimo wala winchi. Nina jeki mbili za magurudumu, stendi nne na msaidizi mmoja. Gari lipande kimo gani, bolti za juu zinafikiwaje, na nibadilishe nini kabisa nisirudi uvunguni tena?

Spana14
Mgosi, malizana na huo mchanga kwanza. Stendi ikizama upande mmoja, gari linakulalia. Chini ya kila stendi weka ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40. Stendi za mbele zikae kwenye reli za bodi, si kwenye kizingiti cha mlango. Gari la pwani huoza hapo kwa ndani huku rangi ikiwa bado inang'aa.

Kimo: pima nyumba ya klachi kutoka juu hadi chini, jumlisha kimo cha jeki ikiwa imeshuka kabisa, ongeza vidole vinne. Ukikosa kimo hicho, itashuka lakini haitatoka uvunguni. Itabidi uiteremshe kwenye gunia na kuiburuta.

Nati za eksozi zipulizie WD-40 tangu jana yake, kwa chumvi ya huku zinakatika kirahisi.

Toa waya hasi wa betri, maana waya mnene wa stata una moto muda wote. Ndani ya gari vua mpira wa gia, gandamiza kifuniko cha mti wa gia, kizungushe kinyume cha saa, mti utachomoka. Mwaga oili, la sivyo itakumwagikia usoni propela ikitoka. Piga alama flanji ya propela (shafti ndefu iendayo nyuma) na ya difu zirudi zilivyokuwa. Kisha kebo ya spidomita, waya za taa ya rivasi, stata, na bomba la eksozi. Klachi ya kebo unailegeza tu. Ya majimaji fungua slevu (silinda ndogo inayosukuma klachi), ining'inize kwa waya bila kugusa bomba lake, usijitafutie kazi ya kutoa hewa.

Sasa bolti za juu. Jeki moja chini ya sampu (bakuli la oili ya injini), na ubao katikati. Ya pili chini ya gia boksi. Fungua kromemba (mhimili unaobeba mkia wa gia boksi), shusha mkia taratibu. Injini itainama nyuma na nafasi itapatikana. Unganisha ekstensheni ndefu na nako (kiungo kinachopinda), pitisha soketi ya 14 au 17 juu ya mkia wa gia boksi. Msaidizi achungulie mbele: feni ikikaribia redieta au mpira wa juu ukikazika, simama hapo.

KlachiPleti
Wengi huharibu wakati wa kuchomoa na kurudisha. Ivute nyuma ikiwa imenyooka mpaka shafti iachane kabisa na pleti. Ukiiacha ining'inie kwa shafti, unapinda kitovu cha pleti, na hata pleti mpya haitaachia vizuri.

Badilisha pleti, presha (kifuniko kinachobana pleti), rilisi bearing (inayosukuma presha), pailoti bearing (inayoshika ncha ya shafti) na sili ya mkia. Chungulia sili ya nyuma ya injini. Ikivuja oili, klachi mpya itateleza vilevile. Upande wa pleti uliotokeza springi unatazama gia boksi. Lenga katikati kwa shafti ya gia boksi mbovu au kijiti kilichochongwa, kisha kaza bolti sita za presha kwa msalaba, kidogo kidogo.

Ikibaki pengo la kidole kati ya boksi na injini wakati wa kurudisha, usivute kwa bolti, masikio ya aluminiamu yatapasuka. Zungusha shafti ya mkia boksi likiwa kwenye gia, au lenga pleti upya.

Barabara_ya_9
Mbona mnajitesa? Funga mnyororo, toa injini na gia boksi pamoja kwa juu.

Spana14
Kama injini nayo inafunguliwa, sawa. Kwa klachi tu, utatoa redieta, kabureta na nusu ya waya bure, na mwenzetu hana winchi. Land Rover Series ndiyo ya kutoa juu, kupitia sakafu ya kebini. Na mwenye Peugeot 504 asifuate maelezo haya: propela yake iko ndani ya mrija uliofungwa kwenye gia boksi, lazima ekseli ya nyuma isogezwe.

Namba tatu inayokwaruza haitapona kwa klachi mpya kama ringi ya sinkro (inayolinganisha mwendo wa gia zinapoingia) imelika. Angalia kwanza kama klachi inaachia kikamilifu. Rivasi nayo ikikwaruza gari likiwa limesimama, kosa liko kwenye klachi. Jaza oili ya GL-4, 75W-90, gari likiwa sawasawa, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la pembeni. GL-5 si ya boksi hii, inaweza kula shaba ya sinkro.