Pawasaplai moja kubwa au kila mfumo na yake? Kamera 8 na milango 2

Mlinda_Lango:
Habari zenu wadau. Nina jengo lenye kamera 8 na milango 2 ya kadi. Kamera 4 ni za zamani, za waya wa koaksia. Nyingine 4 ni mpya za mtandao, zinazokubali volti 12 au umeme wa kupitia kebo ya mtandao yenyewe (PoE). Kila mlango una kufuli la sumaku, kisoma kadi na kitufe cha kutokea. Kamera ya mbali kabisa, ya koaksia, iko mita 70 kutoka chumba cha mitambo. Milango iko kama mita 30.

Nimejumlisha yaliyoandikwa kwenye vibandiko: kila kamera ampea 0.5, kila kufuli ampea 0.5, paneli na visoma kadi kama ampea 0.5 vyote pamoja. Jumla ni ampea 5.5. Nimebaki na njia tatu: adapta ndogo kwa kila kamera, kisanduku kimoja cha pawasaplai (kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo) cha volti 12 ampea 10 kilishe kila kitu, au swichi ya PoE (kifaa cha kugawa mtandao kinachotuma na umeme) kwa kamera mpya na kisanduku kwa vilivyobaki. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

Volti12:
Kisanduku kimoja, mkuu. Ampea 5.5 kwenye kisanduku cha 10 bado una nafasi nzuri. Hakikisha kila tawi lina fyuzi yake, ili kamera moja ikipiga shoti usiku nyingine ziendelee kufanya kazi. Na kamera ya mbali isikusumbue: ndani kuna skrubu ndogo ya kupandisha volti. Ipandishe mpaka 13 na ushee, kamera ya mita 70 itashiba.

Fundi_Shaba:
Adapta moja moja tuziondoe kwanza. Kwa kamera moja au mbili hazina ubaya, lakini nane zikining'inia kwenye soketi za kuunga ni vitu vinane vya kuharibika kwa nyakati tofauti, na yeyote anayetafuta pa kuchajia simu ataichomoa kamera yako bila kujua.

Sasa ile mita 70. Ndugu Volti12 ameipita haraka mno, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Shaba ya milimita moja ya mraba ina ukinzani wa kama omu 0.0172 kwa mita. Ukitumia waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba, ni omu 0.034 kwa mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 70 ni mita 140 za waya, karibu omu 4.8. Kamera ikivuta ampea 0.5, volti 2.4 zinabaki njiani. Kamera inapata 9.6.

Na hesabu hiyo bado imeipendelea kamera. Nyingi za siku hizi hubadilisha volti ndani yake, na wati zinazohitaji ni zile zile. Volti zikishuka zinavuta mkondo zaidi, na mkondo ukipanda hasara ya njiani nayo inapanda. Ukiweka waya wa milimita 1.5 za mraba, hasara ni volti 0.8 tu. Sizungumzii ampea za kisanduku hata kidogo. Unaweza kuwa na kisanduku cha ampea 50 na kamera ile ikafa na njaa.

DadaMultimita:
Naunga mkono, ila ile skrubu naomba tuiweke sawa kabla mtu hajaunguza kitu. Kamera nyingi zimeandikwa volti 12 kwa uvumilivu wa asilimia 10, yaani kati ya 10.8 na 13.2. Ukipandisha mpaka 13.5 kwa ajili ya kamera ya mwisho, iliyo mita 5 kutoka kisandukuni inapokea karibu yote hiyo, mchana kutwa wakati mkondo ni mdogo. Inapata joto na kuzeeka mapema. Zipo zinazovumilia asilimia 25, kwa hiyo soma karatasi ya kamera yako, usikisie.

Mlinda_Lango, nina ombi. Kabla hujanunua chochote, pima volti kwenye kamera ya mbali, pale pale kwenye plagi yake na kamera ikiwa inafanya kazi. Pima mchana, kisha ziba kihisi chake cha mwanga kwa kitambaa cheusi mpaka taa za infraredi ziwake, upime tena. Ukipima kamera ikiwa imechomolewa utaona volti 12 kamili, kwa sababu pasipo mkondo hakuna hasara. Nimeona mafundi wakibadilisha kamera nzima mara mbili kwa kosa hilo.

UsikuNaMchana:
Kwa zile 4 mpya sioni haja ya mjadala: PoE. Umeme unasafiri kwa volti 44 hadi 57, kwa hiyo kamera ya wati 6 inavuta kama ampea 0.125 badala ya 0.5. Mkondo ukiwa robo, volti zinazopotea kwenye waya ule ule nazo ni robo, na zinatoka kwenye fungu kubwa mara nne. Mita 100 za kebo ya mtandao hazikusumbui. Tena swichi huuliza kwanza kama kifaa kinahitaji umeme kabla ya kuutuma.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni wati za swichi nzima. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 kinatoa hadi wati 15.4 kwa tundu, na kifaa kinahakikishiwa 12.95. Kile cha 802.3at cha mwaka 2009 kinatoa 30, kifaa kinapata 25.5. Lakini swichi ya matundu 8 yenye jumla ya wati 60 haiwezi kutoa 15.4 kila tundu kwa pamoja. Kwako, kamera 4 za wati 6 ni wati 24, hakuna shida. Siku ukiongeza kamera ya kuzunguka yenye taa kali, hesabu upya.

La pili ni kebo. Ipo iliyopakwa shaba juu na ndani ni alumini. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu na hukatika kirahisi kwenye viungio. Kwangu mimi hiyo haifai kubeba umeme hata mita 20.

Rilei_Kavu:
Wote mmezungumzia kamera. Mimi naomba tusimame mlangoni kidogo, maana huko kosa halimpotezei mtu picha tu, linaweza kumfungia ndani.

Kufuli la sumaku linashika likiwa na umeme na linaachia umeme ukikatika. Ndiyo maana linafaa kwenye njia ya kutokea. Kwa hiyo swali la pawasaplai ya mlango si "ampea ngapi" peke yake. Ni "umeme ukikatika nataka nini kitokee, na kengele ya moto ikilia nataka nini kitokee?" Majibu ni mawili tofauti. Umeme ukikatika, betri iendelee kushika mlango. Moto ukitokea, kufuli liachie hapo hapo, hata kama betri imejaa. Kwa hiyo rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kengele ya moto ikate waya wenyewe unaolisha kufuli, baada ya betri, isipitie kwenye programu ya paneli. Rilei iwe ya kushikiliwa na umeme, ili waya wake ukikatika nao mlango ufunguke. Kitufe cha kutokea nacho kikate umeme wa kufuli moja kwa moja. Paneli ikiganda, mtu atoke.

Ukichanganya kamera na milango kwenye kisanduku kimoja, fundi wa kamera atakizima siku moja kubadilisha fyuzi na milango yote itaachia. Au kamera zitamaliza betri iliyokuwa ya milango. Mimi sichanganyi, hata kama ampea zinatosha.

Volti12:
Nimekuelewa kuhusu moto, Rilei_Kavu, hilo sikulifikiria. Lakini je, si ningeweza kuchukua kisanduku changu cha kawaida nikaunga betri sambamba na matokeo yake? Nimeona watu wakifanya hivyo.

Rilei_Kavu:
Usifanye, kaka. Betri ya risasi ya volti 12 inahitaji kama 13.6 hadi 13.8 ili ibaki imejaa. Kisanduku cha volti 12 kamili hakiijazi kamwe. Ikiwa imeisha sana, itavuta mkondo mkubwa bila kizuizi. Na umeme ukikatika hakuna cha kuizuia isifyonzwe mpaka ikafa. Nunua pawasaplai iliyotengenezwa na chaja ndani, inayowekea mipaka mkondo wa kuchaji na kukata betri ikishuka karibu na volti 10.5.

DadaMultimita:
Na hapo ndipo kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Pawasaplai ya betri hutoa hiyo 13.8 kwenye matokeo yake. Makufuli na paneli nyingi za milango zimetengenezwa zikijua hivyo. Kamera yenye kikomo cha 13.2 haijui.

UsikuNaMchana:
Kamera zenyewe usiziwekee betri kisandukuni. Umeme ukikatika kamera zikabaki zinawaka huku rekoda imezimika, zinarekodi wapi? Weka rekoda, swichi ya PoE na kisanduku cha kamera vyote kwenye UPS moja (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika). Vidumu pamoja, vizimike pamoja.

Mlinda_Lango:
Wadau, nimepima. Kisandukuni volti 12.1. Kamera ya mita 70 mchana 11.1. Nikaziba kihisi, taa zikawaka, ikashuka 9.7 na ndani ya dakika moja ikazima na kuwaka tena. Miezi yote hii nilikuwa nalaumu kamera. Waya ni wa milimita 0.5 kama Fundi_Shaba alivyodhani.

Nina maswali mawili. Kamera moja ya koaksia ina mistari inayopanda taratibu kwenye picha, je ni umeme huo huo mdogo? Na betri ya 7Ah (ampea-saa 7) itashika milango muda gani?

Fundi_Shaba:
Kamera hiyo ya mbali ipitishie waya wa 1.5. Kama bomba halipitishi waya mpya, tuma volti 24 za DC kwenye waya uliopo na uweke kishusha volti cha kuaminika ndani ya boksi la kamera. Mkondo njiani utakuwa kama nusu.

DadaMultimita:
Mistari inayopanda taratibu mara nyingi ni ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) mbili tofauti, si upungufu wa volti. Angalia kama mwili wa kamera hiyo umegusa chuma cha jengo. Kwenye kisanduku hasi za kamera zote zimeunganishwa, na ngao ya koaksia imeunganishwa na rekoda, kwa hiyo mkondo mdogo unapata njia ya kuzunguka. Jaribu kuilisha kamera hiyo peke yake kwa adapta iliyotengwa. Mistari ikitoweka, weka kipande cha plastiki kati ya kamera na chuma.

Rilei_Kavu:
Makufuli 2 ni ampea 1, paneli na visoma 0.5, jumla 1.5. Ukigawa 7 kwa 1.5 unapata saa 4 na dakika 40, lakini 7Ah hupimwa kwa kuimaliza polepole ndani ya saa 20. Ukiivuta kwa kasi inatoa pungufu. Hesabu saa 3 na nusu hadi 4 ikiwa mpya, na chini ya hapo kila mwaka, hasa chumba kikiwa cha joto. Andika tarehe juu yake siku ya kuifunga. Ukitaka zaidi, chukua 17Ah, ila hakikisha chaja imeandikwa inaweza kuibeba.

Mlinda_Lango:
Basi nimeamua: swichi ya PoE kwa zile 4, kisanduku kidogo chenye fyuzi kwa za koaksia, vyote na rekoda kwenye UPS. Milango pawasaplai yake yenye chaja na betri, na rilei ya moto baada ya betri. Je, diodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye makufuli niweke? Nimesikia yanarudisha umeme.

Rilei_Kavu:
Yanarudisha, kila yanapokatwa. Ila soma karatasi ya kufuli kwanza. Makufuli mengi ya sumaku yana kinga yake ndani, na diodi ya ziada inayafanya yachelewe kuachia. Kama karatasi inaitaka, 1N4007 inatosha: iweke pale pale kwenye kufuli, si kisandukuni, upande wenye mstari kwenye chanya.