Redio asubuhi inamcheka msichana hana makalio, baada ya nusu saa inamuuzia dawa ya kuyakuza!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto na mdogo wangu wa miaka 19. Redio imefunguliwa mpaka mwisho. Watangazaji wawili wanamchambua binti aliyeposti picha ya ufukweni: mara kimbaumbau, mara ubao, mara "huyo mume atashika wapi?" Abiria wanacheka. Hatujafika Tazara, linakuja tangazo: hipsi na makalio ndani ya siku 14, dawa asilia, unaletewa mpaka mlangoni. Sauti ni ya mtangazaji yuleyule!

Mdogo wangu hakucheka, alikuwa akiangalia dirishani. Kumbe dawa za namna hiyo alishazinunua kitambo.

Mimi nilidhani amenawiri kwa sababu ya chakula cha kwangu, hata nikajisifu kwa mama. Kisha uso ukaanza kuumuka kama andazi, mchana kutwa analala, anaamka anakula, analala tena. Tulipofika hospitali presha iko juu na sukari imepanda. Nikampelekea daktari lile kopo: halina jina la kiwanda, limebandikwa picha ya kiuno tu. Akaniambia vidonge vya namna hii mara nyingi huwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Uasilia uko wapi hapo? Na kilichonitisha zaidi, huwezi kuacha ghafla. Mwili ukizoea steroidi, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake, ukikata siku moja unaweza kuanguka ukafa. Kwa hiyo sasa anapunguziwa dozi kidogo kidogo, na hospitali tunarudi kila wiki.

Najua kuna watakaosema ni tamaa zake mwenyewe. Haya, someni ya Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kule mwanamke mnene ndiye aliyesifiwa tangu enzi za mababu. Televisheni ikaingia wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Watafiti walipowauliza wasichana wa sekondari wakati ule, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipouliza tena mwaka 1998, ilikuwa asilimia 11. Miaka mitatu tu! Wao walifundishwa wembamba, sisi tunafundishwa kiuno cha nyigu, hipsi pana na ngozi nyeupe. Kesho watatufundisha kingine, na dawa yake itakuwa tayari ipo dukani.

Norwe tangu Julai 2022, tangazo likiwa na mwili uliorekebishwa kwenye picha ni lazima liandikwe hivyo. Hapa kwetu kurasa za Instagram zinabandika "kabla na baada" ya watu wawili tofauti kabisa, rangi ya kucha tu inawaumbua, na hakuna anayeulizwa.

Nilipiga simu kwenye hiyo redio. Kijana akanijibu, "Dada, hilo ni tangazo la mteja, sisi tunarusha tu." Mnarusha tu? Na kumcheka yule binti, nako mteja aliwalipa?

Jumatatu napeleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye Kamati ya Maudhui, na kopo nalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa, walipime. Mwenye rekodi ya tangazo lolote la aina hii, la redio yoyote, anitumie PM. Na kama una binti nyumbani ameanza kulala mchana kutwa na uso unamjaa, mkague mkoba leo hii, ila usimnyang'anye vidonge kabla hajaonana na daktari.