Naomba ushauri: kusafirisha mwani mkavu kutoka Pemba hadi kwa mnunuzi wa nje

Mwana wa Tumbe (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa mwani kaskazini mwa Pemba, na wanachama wetu walio wengi ni akina mama. Miaka yote tumeuza kwa mawakala wanaokuja pwani, ambao hutupatia kamba na tai-tai (vikamba vya kufungia mbegu za mwani) mwanzoni mwa msimu, kisha hununua mwani kwa bei wanayoipanga wenyewe. Sasa amejitokeza mnunuzi wa Ulaya aliye tayari kuichukua kotonii yetu, aina ya mwani tunayolima, moja kwa moja, kwa bei inayoipita ya pwani kwa kiasi cha kutia moyo. Anachotaka ni kontena zima la futi 40 kwa kila awamu, na gharama zote tuzibebe sisi mpaka bandari ya kwake.

Tumeona njia mbili. Ya kwanza ni kuteremsha mzigo bandari ya Mkoani hapa Pemba, uvuke kwa meli hadi bandari ya Malindi, Unguja, upakiwe kontena huko. Ya pili ni kukodi jahazi kutoka Wete hadi Tanga. Masika iliyopita tulimpelekea mnunuzi wa Unguja magunia yetu, yakakaa gatini siku kadhaa yakinyeshewa, naye akakata bei kwa haki kabisa, kwani mwani ulikuwa umeshalainika. Akina mama hawa wanaingia majini bamvua kwa bamvua, na sitaki kuwapeleka kwenye hasara ya pili. Naomba ushauri wa njia, na pia wa mkataba.

Wakala Mstaafu

Wa aleykum salaam, ndugu Katibu. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha Unguja kwa muda mrefu, na ninakuomba uanze na mkataba kabla ya njia.

Usikubali kubeba gharama hadi bandari ya Ulaya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari zikarefuka kwa wiki moja hadi mbili na nauli za makontena zikapanda kwa namna ambayo hakuna ushirika wa kijiji ungeweza kuihimili. Mnunuzi mkubwa ana sauti mbele ya kampuni za meli, ninyi hamna. Mwambie mtauza kwa masharti ya FOB Zanzibar, yaani dhima yenu iishe mzigo unapokuwa melini Malindi, na kuanzia hapo nauli na bima ya baharini ziwe juu yake. Atapunguza bei kidogo, lakini gharama zitakazobaki mikononi mwenu mtaweza kuzihesabu kabla ya kutia saini.

Sasa tuje kwenye njia. Hesabu ni mara ngapi gunia litabebwa na watu: kutoka ghala la kijiji hadi lori, kutoka lori hadi gati la Mkoani, kutoka gatini hadi melini, kisha kuteremshwa Malindi, kupelekwa ghalani, na mwisho kuingizwa kwenye kontena. Kila mara wachukuzi hulipwa, gunia hupasuka, na mvua hupata nafasi yake. Kontena lenyewe nalo kwa kawaida hubadilishiwa meli katika bandari kubwa zaidi, mara nyingi Dar es Salaam au Mombasa, lakini huko halifunguliwi, kwa hiyo haliwaumizi sana. Maumivu yenu yako kati ya Tumbe na Malindi.

Ndiyo maana nasema mwani ufungwe marobota kwa mashine ya kushindilia hapohapo Pemba. Kontena la futi 40 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 67, na mwani wa magunia huijaza nafasi hiyo kabla uzito haujakaribia kiwango kinachoruhusiwa. Nauli ya kontena ni ileile, liwe limeshiba au nusu tupu, hivyo anayepakia magunia hulipia upepo. Kama ushirika hauna mashine, tafuteni ya kukodi au unganeni na jirani zenu.

Jambo jingine ni uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zinadai kila kontena liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini. Pimeni kila robota na liandikwe namba na kilo zake, kwani orodha hiyo itawafaa pia mbele ya forodha na mbele ya mnunuzi.

Nahodha wa Wete

Ndugu Katibu, kuhusu jahazi nitakueleza kama mtu wa bahari hiyo. Kutoka Wete hadi Tanga si mbali, na bandari ya Tanga siku hizi imechimbwa hadi kina cha mita 13, kwa hiyo meli kubwa hufunga gatini, tofauti na zamani zilipokuwa zikitia nanga mbali na mzigo kufuatwa kwa matishari (mashua bapa za mizigo). Hilo ni jambo jema. Lakini pepo za kusi zinapokaza, hasa Juni na Julai, mkondo wa Pemba hauna huruma, na robota lililorushiwa maji ya chumvi hukataliwa. Mkiitumia njia hii, iwe wakati wa pepo za kaskazi au katika utulivu wa matlai, kati ya pepo hizo mbili, na turubali ziwe mbili.

Usimruhusu mtu yeyote, awe mwenye chombo au mwanachama, akwambie kwamba robota chache za ziada hazina neno. Sisi wa visiwa hivi tuliipoteza meli ya Spice Islander mwezi Septemba 2011 pamoja na watu wetu wengi mno, nayo ilikuwa imepakiwa kupita kiasi.

Kabla ya kupakia Wete, zungumzeni na ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) kuhusu hati, maana mzigo utakaosafirishwa nje kupitia Tanga hauandikwi kama mzigo unaouzwa Tanga.

Mama wa Vichanja

Nimeyasoma yote na nayakubali, ila naona hamjagusa jambo lililo zito kuliko meli. Wale waliopokea kamba na tai-tai kutoka kwa wakala wana deni naye, hata kama halikuandikwa. Wakimuuzia mtu mwingine, msimu ujao hawatapewa kitu, na mnunuzi wa Ulaya hatoi kamba. Ushirika utenge fedha za vifaa kwanza, angalau za msimu mmoja, ndipo uwaambie wanachama wasimuuzie wakala.

Pili, unyevu. Wanunuzi wa kotonii kwa kawaida hutaka unyevu wa takriban asilimia 35 hadi 38. Mwani uliotandazwa mchangani huja na mchanga na hukauka bila ulinganifu, na robota moja bichi huharibu yaliyo jirani yake. Uanikwe juu ya vichanja, ufunikwe usiku, na mtu mmoja mwenye kauli apewe mamlaka ya kurudisha mwani usiofaa, hata ukiwa wa mama yake mzazi.

Mwana wa Tumbe

Nawashukuru sana. Mama wa Vichanja, jambo la deni nitalipeleka kwenye kikao, maana ni kweli tulikuwa hatujalizungumza kwa uwazi. Tumeegemea njia ya Mkoani na Malindi, tuuze kwa FOB. Bwana Wakala, nibakishie moja: tukifika Unguja, kontena tulikague vipi?

Wakala Mstaafu

Likaguliwe kabla robota la kwanza halijaingia. Mtu mmoja aingie ndani mchana, milango ifungwe kwa muda mfupi huku mwenzake akisubiri nje, na akiona tundu la mwanga popote, likataeni. Sakafu iwe kavu na isiwe na harufu ya mafuta wala dawa. Kontena hutoa jasho linapotoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, kwa hiyo tandikeni karatasi nzito kuta zote na mtundike mifuko ya kunyonya unyevu. Pigeni picha likiwa tupu, likiwa nusu, na lakiri ikishafungwa namba yake isomeke. Picha hizo zitumwe kwa mnunuzi siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya orodha ya uzito.